Mama Léocadie Amekuja Kukaa

12 Oktoba

Daftari jipya, na mvua ya kwanza. Imenyesha mchana, fupi na kali, na maua ya mijakaranda yamejaa barabara nzima mpaka lami inateleza. Nomsa ameanguka akitoka spaza, kile kiduka cha mtaani, na mkate. Goti limevimba, mkate umepona.

Baada ya Misa Mama Léocadie alinishika mkono mlangoni mwa kanisa, akasema kwa ile sauti yake isiyouliza: "Masera Melania, nakuja kukaa kwenu. Siku ya tatu. Mutayarishe chumba ya mbele."

Nikadhani anamaanisha kututembelea tu. "Karibu sana, Mama. Utakaa hadi lini?"

"Mupaka nikufe," akasema, akaenda kuwasalimu wengine.

Kwa kuwa daftari ni jipya, niandike mambo yalivyo. Nyumba hii ya Troyeville alitupatia yeye, zamani zile tulipokuwa tukilala kwenye ukumbi wa parokia na majiko yetu chini ya jukwaa. Kwao Kivu ni binti wa mwami, yaani mfalme wa kule, na ingawa Johannesburg alianza kwa kuuza vitenge kando ya njia kule Marshalltown, kabla ya kuwa na maduka na kampuni, hajawahi kuacha kutembea kama binti wa mwami. Altare ametupa yeye, mapazia yeye, cherehani zote yeye. Tuko masista watatu, masera kama anavyotuita yeye: mimi wa Songea, ninayeitwa mkubwa wa nyumba kwa sababu nina mvi nyingi zaidi, Thérèse wa Bukavu, anayefundisha ushonaji, na Nomsa wa Alexandra, anayeendesha gari na kugombana na manispaa kwa niaba yetu. Tunapokea wanawake waliofukuzwa makwao. Vyumba vimejaa.

Katika chumba cha mbele yuko Jocelyne na mtoto wake mchanga, Orpha.

15 Oktoba

Amekuja. Kitanda chake hakikupita mlangoni, mafundi wakalazimika kung'oa fremu. Jocelyne na mtoto nimewahamishia chumba cha kushonea, nyuma, wanalala kati ya cherehani. Jocelyne alikunja nepi zake, akauliza tu kama usiku kule nyuma kuna baridi.

Emery, mwanawe Mama Léocadie, hakuja kumleta. Alituma dereva.

16 Oktoba

Maji yamekatika mtaa mzima. Mama anataka kuoga.

23 Oktoba

Uji ni mwepesi. Chai haina tangawizi. Kengele ya asubuhi inalia kama ya shule. Sala zetu: "Munasali kama batu banakimbilia basi." Jana alimwita Thérèse jikoni mara nyingi mpaka darasa la ushonaji likavunjika, kila mwanamke akaenda zake. Nomsa alipomwambia kwamba hapa kila mtu anaosha sahani yake, alimtazama kama anayetazama ukuta, kisha akasema, "Hii nyumba njo yangu, mutoto."

Nomsa alitoka nje akapiga teke ndoo. Kwa goti bovu.

Padre wetu mzee, Mwairishi, alikuja leo kuungamisha. Nilimlalamikia. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema kwao Ireland, zama za kale, mabibi wakubwa, mabinti na wake za machifu, walikuwa wakiwajengea watawa monasteri, wakawapa ardhi na vikombe vya dhahabu, kila mtu akawasifu. Halafu wakizeeka, baadhi yao walikuja kumalizia maisha humohumo.

"Na watawa walifanyaje?" nikamuuliza.

"Vitabu vinasifu ukarimu wa bibi," akasema. "Kuhusu watawa havisemi kitu. Nadhani walikuwa wamechoka."

2 Novemba

Siku ya Marehemu wote. Mama aliomba kutaja marehemu wake kanisani, akawataja kwa jina mmoja mmoja, mume, watoto wawili waliokufa wadogo, ndugu waliouawa kwenye vita, na kadiri alivyotaja sauti ilizidi kupungua. Mwishoni Thérèse alikuwa amemshika kiwiko. Sikuwahi kujua kwamba Emery alikuwa na ndugu.

Alasiri akarudi kulalamikia chai.

9 Novemba

Mvua siku ya tatu mfululizo. Dari ya chumba cha kushonea inavuja kwenye kona. Jocelyne ameweka beseni. Nilimwomba Mama ampigie Emery, kwa sababu matengenezo ya paa siku zote hufanywa na watu wa kampuni yao. Alipiga nikiwa nimesimama pale. Simu iliita hadi ikakata. Akapiga tena. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Iko kwenye kazi."

14 Novemba

Emery alikuja leo, lakini hakuingia kwa mama yake. Alinipigia simu akiwa nje, akaniomba nikae naye garini. Ni mtu mzima sasa, ana tumbo na miwani, ila anapoongea bado namwona yule kijana wa kwaya.

"Sista, nitasema wazi," akaanza. "Mama ni mgonjwa. Moyo. Nimemtafutia makao mazuri ya wazee upande wa kaskazini, kuna manesi, kuna bustani. Amekataa. Amekimbilia kwenu. Sasa kila Mkongo wa Johannesburg anasema Emery amemtupa mama yake kwa masista."

Nikamwambia hatukumwita.

"Najua. Lakini ninyi mkimwambia aondoke, ataondoka. Mimi hanisikilizi." Akazima redio. "Nyumba hii si yake, Sista. Iko kwenye jina la kampuni, na kampuni alinikabidhi mimi alipougua mara ya kwanza. Akienda kule kwa wazee, nitawaandikia nyumba iwe yenu moja kwa moja, kwa wakili. Sitawasumbua tena maishani."

"Na akibaki?"

"Akibaki, nauza."

Nilimwambia hayo ni maneno mabaya kutoka kwa mtoto. Nilitegemea akasirike, lakini alishusha tu kichwa.

"Unajua Krismasi zangu zilikuwaje?" akasema. "Aliniacha kwa jirani, akaja hapa kuwapikia ninyi. Siku yangu ya kumaliza shule alikuwa hapa, mnabariki altare. Kila kizuri kilikuja huku. Nilikuwa nasema moyoni, siku moja na mimi nitafukuzwa nyumbani ili Mama anipende."

Niliikumbuka hiyo Krismasi, au mojawapo. Tulikula mbuzi. Hatukuuliza mtoto yuko wapi.

15 Novemba

Nimewaambia wenzangu baada ya kifungua kinywa, tukiwa watatu nyuma ya nyumba tunaanika mashuka, kwa kuwa ndani kila ukuta una sikio la Mama Léocadie.

"Eish, Sista," Nomsa akasema mara moja. "Apelekwe. Kuna manesi kule. Si kwamba tunamtupa jalalani. Tunapata nyumba, wanawake wanabaki, na mimi napata kulala."

"Ametupatia kila kitu," Thérèse akasema.

"Na anatukumbusha kila siku."

"Nomsa, yule ni mama."

"Ndiyo, ni mama wa Emery. Akakae na Emery."

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema tusali kwanza. Ndivyo ninavyosema nikiwa sijui la kufanya. Ukweli ni kwamba nilikuwa upande wa Nomsa. Nilishaanza kuona chumba cha mbele kikiwa kitupu, Jocelyne amerudishiwa kitanda chake, na asubuhi isiyo na mtu wa kuniambia uji ni mwepesi. Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana, na miguu yangu ikivimba jioni haishuki tena hadi asubuhi. Nyumba ambamo hakuna anayeweza kututoa, hilo si jambo dogo.

20 Novemba

Nimempigia Emery kumwambia atuvumilie kidogo. Amesema hadi mwanzo wa Desemba.

21 Novemba

Mvua.

22 Novemba

Mvua. Beseni la pili.

27 Novemba

Leo ndiyo leo.

Alasiri mbingu iligeuka kijani upande wa Bezuidenhout Valley, na kila mtu wa jiji hili anajua maana yake. Nomsa alikimbia kufunika gari kwa mablanketi. Kisha mvua ya mawe ikaanza, mawe makubwa kama mayai, juu ya mabati yale ya zamani. Hatukusikiana. Nilimwona Thérèse anafungua mdomo, sisikii kitu. Halafu ukaja mlio mwingine, mzito, kutoka nyuma.

Dari ya chumba cha kushonea ilikuwa imeanguka yote. Mbao, vumbi, maji, na mawe ya barafu yakiingia kama yanamwagwa kwa karai. Jocelyne alikuwa jikoni anachemsha maziwa. Alipiga kelele moja tu, jina la mtoto, akaingia kabla sijamshika. Orpha alikuwa chini ya meza ya kukatia, ndani ya kapu. Jocelyne huwa anamlaza hapo mchana kwa sababu ya matone. Hakuwa na jeraha, alikuwa ameloa na kukasirika. Jocelyne alitoka naye huku damu inamtiririka usoni, maana msumari ulimchana paji la uso.

Tulipotokea ukumbini Mama Léocadie alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba chake, na fimbo. Akamtazama Jocelyne, akamtazama mtoto.

"Batu balikuwa mule ndani?" akauliza.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

"Mule ndani kwa mashini? Kwa nini?"

Nomsa aliyekuwa amelowa maji mlangoni ndiye aliyesema: "Kwa sababu chumba chake unakaa wewe."

Mama aligeuka, akakitazama kile chumba, kitanda kikubwa, pazia, kabati. Akanigeukia mimi.

"Mbona hamukuniambia?"

"Tuliogopa, Mama."

"Munaogopa nini?"

Nilikuwa nimechoka mno kupamba maneno. "Nyumba ni yako. Unatuambia kila siku."

Mawe yalikuwa yamekoma, maji tu yanatiririka. Akamchukua Orpha kutoka kwa Jocelyne, akamvua zile nguo zilizoloa, akamfunga kwenye kitenge alichokuwa amejitanda mwenyewe. Akamwambia Jocelyne, "Lala kwenye kitanda. Yote. Miye nitalala kwenye kiti."

Jocelyne akakataa. Wakabishana. Mwishowe wamelala wote watatu kwenye kile kitanda, mtoto katikati.

28 Novemba

Cherehani nne zimeharibika kabisa. Nomsa amepanda juu ya paa na goti lake, anafunga maturubai.

Mama aliniita. Nilikwenda nikiwa nimeamua kumwambia yote, na nikamwambia: gari, makao ya wazee, kampuni, nyumba. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Na mumemujibu nini?"

"Bado."

"Bado," akarudia. Alifumbua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nilimwona mzee. Kumbe aliamini kwamba tungekataa palepale. "Basi, mumujibu. Miye sitawaomba."

3 Desemba

Tumekaa watatu, tumeamua. Sikutegemea Nomsa aseme wa kwanza, lakini ndiye aliyesema: "Wanawake wote walioko hapa, kuna mtu wao aliyesema watoke. Sasa na sisi tuseme hivyohivyo ili tupate paa? Halafu tuwapokee wengine chini yake? Hapana, Sista. Simpendi, lakini hapana."

Nimempigia Emery. Nimemwambia mama yake ni mgeni wetu kama wengine, akitaka kwenda ataenda, hatutamtoa. Akasema tuondoke kabla ya mwisho wa Januari.

Nilipokata simu nilikaa tu jikoni. Sikujisikia mwema hata kidogo. Nilijisikia kama mtu aliyeweka mzigo chini na kuambiwa abebe mwingine.

25 Desemba

Kuku, wali, mvua. Wawili kati ya wanawake wetu wamepata pa kwenda. Wengine wananiuliza kwa macho.

9 Januari

Mama alivaa kitenge chake cha sherehe, akaniambia, "Tuende kwa Emery." Nomsa alituendesha. Kila robot, taa za barabarani, ilikuwa imezimika, tukachukua muda mrefu kufika Marshalltown.

Duka la Emery ndilo pekee lililobaki kati ya yale maduka. Kulikuwa na wateja, na fundi anakata kitambaa. Emery alipomwona mama yake alisimama.

"Mama. Ungenipigia."

"Nilikupigia." Hakukubali kiti. Alisimama katikati ya duka ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Nitaenda kwa wale bazee. Leo ukitaka. Uwaandikie masera nyumba."

Niligeuka kumtazama. Hakuniambia kitu, si nyumbani, si njiani. Wiki zote hizo nilikuwa nimejiona mimi ndiye niliyebeba uamuzi, sikuwahi hata kumuuliza yeye angetaka nini.

Emery alivua miwani. "Mama, imeshauzwa."

"Rudisha."

"Haiwezekani. Nimesaini kabla ya Krismasi. Maduka yamekufa, Mama, hukuona? Ungekuja Novemba." Sauti yake ilipanda, mteja mmoja akatoka nje. "Kwa ajili yao unaweza. Kwa ajili yao unakubali hata kwa wazee! Mimi nilikuomba mwaka mzima!"

"Ndiyo," Mama akasema polepole. "Uliniomba."

Akanyoosha mkono kumgusa shavu. Emery akarudi nyuma hatua. Mkono ukabaki hewani, kisha akaushusha, akamwambia fundi kwamba anakata upande mbaya wa kitambaa, akatoka.

Garini alilia. Sijui kama alimlilia mwanawe au nyumba, na sikuuliza. Nomsa aliendesha kwa mkono mmoja, wa pili amemshika.

18 Januari

Parokia imetupa vyumba viwili na jiko nyuma ya kanisa la Bertrams. Hakuna nafasi ya wanawake. Mama Léocadie, na Jocelyne na mtoto tu, tukibanana. Wengine nimewatafutia mahali kwa masista wa mashirika mengine na kwa watu wa jumuiya. Mmoja amerudi kwa mume aliyemfukuza. Nilimwomba asirudi. Aliniuliza, "Basi niende wapi, Sista?" Nimebaki na hilo swali.

30 Januari

Tumehama. Altare imekwenda parokiani. Kitanda kikubwa kimeuzwa mlangoni, kwa mpita njia. Mvua ilitunyeshea njia nzima.

1 Februari

Tunalala wote chumba kimoja, isipokuwa Jocelyne na mtoto. Mama Léocadie anakoroma. Thérèse anasema mimi pia.

6 Februari

Jambo la ajabu. Mama aliosha sahani. Si yake tu, zote. Anaosha vibaya, mafuta yanabaki. Nomsa alizichukua baadaye kimyakimya akazirudia.

Tumeanza tena ushonaji, cherehani mbili, kwenye ubaraza. Thérèse anasema wanawake watatu wamekuja.

10 Februari

Moyo wa Mama ulisumbua asubuhi. Kliniki, foleni, dawa. Nesi alimuuliza kazi yake. Akasema, "Nakaa na masera." Nilisubiri aongeze jambo. Hakuongeza.

14 Februari

Nimetoka mjini mchana huu, kwa miguu kutoka kituoni, maana taksi ilitushusha mbali. Nilikwenda kumwona yule aliyerudi kwa mume. Hakunifungulia mlango. Niliongea na mlango.

Nilipofika Bertrams nilikuta gari la Emery nje. Nikadhani kuna msiba, au shida nyingine ambayo sina nguvu nayo. Niliingia jikoni. Mama Léocadie alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi. Emery ameketi mbele yake kwenye ndoo nyingine, suruali nzuri imekunjwa magotini, naye anamenya. Hawakuwa wanaongea. Orpha alikuwa sakafuni, anavuta maganda. Maganda ya Emery yalikuwa manene, nusu ya kiazi inakwenda nayo, na Mama kila akiona alikuwa anayaokota na kuyamenya upya.

Emery alitaka kusimama kunisalimu. Nikamwambia akae.

"Sista," akasema. "Nimekuja tu."

"Karibu."

Niliketi pale mlangoni kuvua viatu, nikashindwa kuinuka. Miguu ilikuwa imekataa. Nilianza kusema kwamba nitachemsha maji, kwamba sala ya jioni ni yangu leo, kwamba Thérèse asisahau dawa.

Mama Léocadie hakuacha kumenya. "Masera," akasema, "enda ulale. Chakula ikiiva, tutakuita."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ya taratibu, isiyo na mawe. Nilikwenda nikajilaza na nguo zangu. Nilisikia kisu, maji, kisha sauti ya Emery ikiuliza jambo na sauti ya mama yake ikijibu, sikushika maneno. Nilitaka kusikiliza. Usingizi ukanichukua, na sikuamka mpaka waliponiita kula.